Khamisi Ametolewa Rangi

3 Novemba
Ujiji hii hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, na ninaliandika hilo kwa kalamu ya wino wa bluu ili lisifutike. Miaka kumi na miwili napiga picha, na kila aliyesimama mbele ya kamera yangu mambo yake yamenyooka. Aliyekuja kwa picha ya pasipoti, pasipoti imetoka. Aliyekuja bibi harusi, amejifungua mapacha. Hata mwizi mmoja wa kuku kutoka Simbo, niliyeitwa polisi kumpiga picha, aliachiwa wiki ileile na akaja kunishukuru na kuku. Sikumuuliza kuku wa nani. Ndiyo maana nje nimeandika kwa rangi nyekundu: NUHU STUDIO, UKIPIGWA HAPA UMEPONA. Darasa la saba tu, lakini nimefika Bujumbura, nimefika Kalemie, nimefika Mpulungu. Nani wa kuniambia kitu?

Daftari hili nimelinunua leo kwa sababu mvua zimeanza. Mvua zikianza wateja wanakimbia, na mtu wa maneno kama mimi lazima aongee na kitu.

5 Novemba
Mvua. Catherine, fundi cherehani wa mlango wa pili, kaniletea samaki, mgebuka wa kuchoma. Kasema, "Oa, Nuhu, nipumzike kukulisha." Nimemwambia wanawake wanaonitaka ni wengi, nashindwa kuwapanga foleni.

9 Novemba
Kazi imekuja! Bwana mmoja anayefungua nyumba ya wageni kule mjini Kigoma anataka picha kumi na mbili kubwa za watu wa ziwani, zote nyeusi na nyeupe. Anasema wageni wanapenda hivyo, rangi zinawachosha macho.

Hapa kwetu nyeusi na nyeupe ina kazi yake. Mtu akifariki, ikishapita arobaini familia inaniletea picha yake, mimi naitoa rangi, ndipo inatundikwa sebuleni. Walio hai wako ukutani na rangi zao, waliotangulia hawana. Ukiingia nyumba ya mtu huulizi nani yupo na nani hayupo, unatazama ukuta. Na mtoa rangi wa Ujiji ni mimi. Hakuna mwingine.

Lakini hii ni kazi ya hoteli. Mambo ya wageni, hayaingiliani na yetu.

Nimeanza na rafiki yangu Khamisi, mvuvi, kwa sababu ana uso ambao kamera inaupenda: mifupa imetokeza, macho ya mtu anayetaka kukutania. Nimempiga pale mwaloni, inakofikia mitumbwi, akiwa amesimama ndani ya mtumbwi wake. Akauliza, "Nicheke au nikasirike?" Nikamwambia awaze deni. Akacheka zaidi.

10 Novemba
Mvua. Paa linavuja juu ya kiti cha wateja. Nimehamisha kiti.

14 Novemba
Picha ya Khamisi imekamilika na niseme ukweli, nimejitisha mwenyewe.

Watu wanadhani kutoa rangi ni kubonyeza mara moja. Ukibonyeza mara moja unapata uji wa ulezi uliolala. Mimi nasukuma rangi moja moja. Nyekundu naipandisha, ngozi inang'aa kama imepakwa mawese. Bluu naishusha, na ziwa na mbingu vinakuwa vyeusi kama chini ya sufuria, uso unakuja mbele peke yake. Kuna mtego lakini: rangi mbili ambazo jua linazitenganisha kabisa, ukizitoa zinaweza kuwa kijivu kimoja, na huwezi tena kujua ipi ilikuwa ipi. Fundi anajua. Nimejifunza yote kwenye simu, bila mwalimu, kwa vifurushi vya usiku.

Kompyuta imejaa, kwa hiyo nimeihifadhi juu ya ileile ya rangi. Kadi ya kamera nimeifuta kwa ajili ya harusi ya kesho. Halafu nimechapa karatasi kubwa kama mlango wa kabati na kuitundika dirishani. Wapita njia wote wanasimama. Wanasimama, hawasemi kitu, wanaondoka. Nadhani wamezidiwa.

16 Novemba
Leo nimeona kwa nini hawasemi.

Bi Mwanakombo, mama yake Khamisi, kaja na mwavuli wake mweusi. Akasimama nje, mvua inanyesha, anatazama dirisha. Nikatoka.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo. Karibu ndani."

Hakuitikia. "Khamisi kafa lini?"

"Khamisi? Mama, nimemwacha mwaloni sasa hivi anashona nyavu."

"Mbona umemtoa rangi?"

"Hii ni sanaa, mama. Ni ya hoteli."

"Sanaa." Akaingia, akaketi kwenye benchi langu. "Baba yake Khamisi ulimtoa rangi wewe. Dada yangu ulimtoa rangi wewe. Nililia hapahapa nilipokaa, ukanipa maji. Leo umeona ni zamu ya mwanangu, hata hukunitumia salamu nije na udi?"

Cherehani ya Catherine ikanyamaza. Mimi, ambaye nina jibu la kila kitu, nikaanza kueleza habari za wageni na macho yao yanayochoka. Akaniacha nimalize. Halafu akaitoa picha dirishani mwenyewe, akaifunga ndani ya kanga yake.

"Nitakaa nayo mpaka uirudishe rangi," akasema. Akaenda kwenye mvua, mwavuli kauinamishia juu ya picha, mwenyewe analowa.

18 Novemba
Khamisi kaja kunicheka mpaka kashika mlango. "Mama ananitazama nikila kama anashangaa chakula kinakwenda wapi. Nikamwambia, mama, kama nimekufa basi na kuni sipasui, maiti hafanyi kazi. Kanirushia mwiko."

"Mwambie ni picha tu."

"Mwambie wewe. Wewe si ndiye unayewaambia watu kamera yako inaponya? Hiyo ya kuponya wameamini. Sasa unataka hii wasiamini?"

Alisema kwa utani. Nimelala nalo, limeniuma.

22 Novemba
Upepo. Umeme hakuna.

25 Novemba
Khamisi aliondoka jana asubuhi kwenda Ilagala kuchukua nyavu, peke yake, na mtumbwi mdogo wa injini. Alisema angerudi jioni. Adhuhuri upepo ukaja, ule wa kung'oa mabati. Hajarudi. Ilagala wanasema hakufika.

26 Novemba
Mitumbwi miwili imetafuta mpaka Ilagala na kurudi. Wameokota dumu la petroli likielea. Mkewe, Shadia, kalitambua kwa kamba.

27 Novemba
Kila mtu anapita upande wa pili wa barabara. Nimemuuliza Catherine, kwa sababu Catherine hafichi kitu.

"Wanasema ulimtanguliza."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi mwenyewe nimetoa picha yangu kwenye albamu yako ya mfano. Usinichukie, Nuhu. Nina watoto."

28 Novemba
Bi Mwanakombo kaja tena. Hakuketi.

"Rangi uliyoitoa, irudishe. Nataka nimwone mwanangu na rangi yake leo."

Nikasema kesho, mama, mashine inahitaji muda. Mashine haihitaji muda. Rangi haipo. Niliifuta mwenyewe, kwa mkono huu, kwa ajili ya harusi ya watu wasionisalimu tena.

Nikafungua daftari hili nione siku ile Khamisi alivaa shati la rangi gani. Ukurasa mzima. Nimeandika Bujumbura, nimeandika Kalemie, nimeandika rangi ya wino wangu. Shati la rafiki yangu sikuliandika.

29 Novemba
Nimeipaka rangi upya kwenye kompyuta, kutoka asubuhi mpaka umeme ulipokatika saa kumi. Ngozi ni rahisi, ngozi ya Khamisi naijua. Ziwa bluu, mtumbwi kijani. Shati likanishinda. Kijivu kile kinaweza kuwa chochote. Nikajiambia ni la bluu, kwa sababu kila nikifumba macho namwona na bluu. Nikafanya bluu.

30 Novemba
Nimempelekea. Sebule imejaa wanawake. Ukutani baba yake Khamisi, hana rangi, kazi yangu. Pembeni yake msumari mtupu.

Bi Mwanakombo kaishika picha kwa mikono miwili, uso wake ukafunguka, nikaona nimepona. Halafu akaisogeza karibu na macho.

"Hili shati la nani?"

"La Khamisi, mama."

"Siku ile alivaa shati la kahawia. Nililifua mimi, kwa sababu Shadia tumbo limemkalia vibaya hawezi kuinama." Aliniangalia bila hasira, na afadhali angekasirika. "Umemvisha mwanangu nguo ya mtu mwingine, Nuhu. Basi rangi yake hamna. Imekwenda."

Akaigeuza picha, akaiweka kifudifudi mezani.

"Ijumaa tunasoma hitima," akawaambia wanawake. Wakaanza kulia wote kwa pamoja, na mimi nikiwa katikati ya chumba nimeshika bahasha.

1 Desemba
Shadia kaja. Mimba ya miezi saba, kapanda kilima chote kwa miguu. Nikampa kiti kisichovujiwa.

"Shem," akasema, "wakishasoma hitima hakuna atakayewasha injini tena. Na mimi nitawekwa ndani, nikae eda mpaka nijifungue, eda ya mtu ambaye sijamwona amekufa."

"Shadia, nifanye nini? Wazee hawanisikii. Wanataka kunipiga."

"Wametafuta mpaka Ilagala kwa sababu alikuwa anakwenda Ilagala. Upepo ule unajua alikuwa anakwenda Ilagala? Huko kusini zaidi hakuna aliyekwenda." Akainuka kwa kushika meza. "Wewe ndiye uliyemzika, shem. Mfukue."

2 Desemba
Nitaandika yote.

Baraza lilikuwa mwaloni, chini ya mabati ya kupimia samaki. Leonardi, mwenyekiti wa mwalo, mtu mzito wa maneno machache, akaeleza: mafuta ya kuchangishana yamekwisha, vijana wamechoka, mawingu si mazuri, na mama mzazi mwenyewe amesema isomwe hitima. Nani ana neno?

Nikainua mkono. Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Mtoa rangi huyo, anataka wa pili."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kweli. Nilitaka kusema: jamani, picha ni karatasi. Haiui, haiponyi, nasukuma vifimbo vya rangi kwenye kioo cha kompyuta na basi. Lakini nilipozitazama zile nyuso nikaona kwamba nikisema hivyo watanijibu sawa, picha ni karatasi, na Khamisi ana siku nane ziwani, kaa chini. Ukweli wangu ulikuwa hauwashi injini hata moja.

Nikasema, "Mzee Leonardi, mwanao wa kwanza nilimpiga picha mimi alipokuwa anatafuta kazi. Aliipata au hakuipata?"

"Aliipata."

"Kuna mtu yeyote hapa amewahi kusikia mtu aliyepigwa na kamera yangu akafa kifo kibaya? Aseme."

Watu wakatazamana, wakimtafuta wa kumtaja.

Bi Mwanakombo akasema kutoka nyuma, "Na rangi uliyoitoa?"

"Rangi niliitoa kwenye karatasi, mama. Bahati iko kwenye kamera, na kamera ilimwona na shati lake la kahawia. Khamisi yu hai. Nendeni kusini siku tatu. Mafuta nitatoa mimi. Nikiwa mwongo, Ijumaa nichomeeni studio."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Leonardi akawageukia vijana: "Mitumbwi miwili. Watu sita. Alfajiri."

3 Desemba
Wameondoka. Nimeuza printa kulipia mafuta.

4 Desemba
Kuanzia saa tatu asubuhi upepo umekuwa uleule. Mawimbi yanapanda mpaka kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Sijafungua studio, nimesimama mwaloni.

Watu sita. Juu ya Khamisi mmoja sina uhakika wowote, na nimemtumia watu sita.

Yunisi, mke wa Anatoli aliyeongoza mtumbwi wa kwanza, kaja kusimama kando yangu na mtoto mgongoni.

"Nuhu. Anatoli wangu umewahi kumpiga picha?"

"Nilimpiga."

"Lini?"

"Ile ya leseni."

"Hana leseni."

"Basi ya harusi ya mdogo wake. Alikuwa nyuma, lakini yumo."

Akaniamini. Akaenda kuwaambia wengine, na wakaja mmoja mmoja, kila mwanamke na mume wake, kila mmoja akiuliza yumo au hayumo. Nikasema yumo. Wote wamo. Mimi ambaye naringa kwa maneno, leo kila neno nililotoa lilikuwa kama natapika.

Jioni hawajarudi. Simu zao hazipatikani.

5 Desemba
Hawajarudi. Sijala. Catherine kanisimamia na sahani, akasema, "Kula, kesho wakikuchoma uwe na nguvu za kukimbia." Nimecheka kidogo, halafu nimelia mbele yake, mtu mzima.

Saa tisa alasiri mtoto akapiga kelele. Mtumbwi mmoja. Nikahesabu vichwa, nikakosea, nikahesabu tena. Halafu wa pili nyuma yake, umefungwa kwa kamba, injini imekufa. Saba. Vichwa saba!

Khamisi alikuwa amelala kwenye turubai, mguu umefungwa vijiti, midomo imepasuka, amekuwa mwembamba kama mtoto. Upepo ulimpindulia mtumbwi na kumtupa mbali kusini, kwenye kambi ya wavuvi isiyo na mtandao wala barabara. Wavuvi wale walikuwa wanampa uji na kusubiri ziwa litulie. Homa ilikuwa imempanda. Anatoli anasema siku mbili tatu zaidi, wasingemkuta.

Nilimshika mkono. Akanong'ona, "Nasikia umewaambia nipo hai. Mbona mimi nilikuwa sina uhakika?"

Bi Mwanakombo akapita katikati ya watu. Hakumgusa mwanawe kwanza. Alikuja kwangu, akaishika kamera iliyoning'inia shingoni, akaibusu.

8 Desemba
Foleni kutoka mlangoni mpaka kwa muuza mkaa. Watu wamevaa nguo za Idi. Wengine hawataki hata picha yenyewe, wanataka tu kusimama mbele ya kamera.

11 Desemba
Foleni. Mgonjwa wa kifua kaletwa kwa baiskeli kutoka Simbo. Nimempiga, nikamwambia aende na hospitali pia. Kasema haina haja.

12 Desemba
Nimekosa usingizi kwa yule wa baiskeli.

17 Desemba
Nimempiga Khamisi picha nyingine, nyumbani, mguu juu ya stuli. Shati la kahawia. Nimeihifadhi mahali patatu, nikaenda kuichapisha mjini kwa watu. Bi Mwanakombo kaitundika kwenye ule msumari.

Leonardi kanisimamisha njiani. "Ulijuaje?" Nikasema, ni kipaji, mzee. Akasema, "Hm."

29 Desemba
Shadia kaja leo asubuhi, kajipamba, hina mpaka kwenye vifundo.

"Shem, nipige picha. Ya tumbo."

"Kaa pale kwenye mwanga. Khamisi hajambo?"

"Anatukana mguu wake, kwa hiyo hajambo." Akaketi pembeni. "Kliniki wanasema mtoto kakaa upande, niende mjini nikasubiri siku zangu hospitali. Mama kasema, ya nini mahangaiko na mvua hizi, barabara yenyewe unaiona. Nenda kwa Nuhu upigwe, urudi ujifungulie nyumbani. Mtu aliyemtoa Khamisi ziwani, hili litamshinda?"

Akacheka, akaweka mikono juu ya tumbo, akatulia kungojea.

Nilikuwa nimeshainua kamera. Nilimwona humo ndani, kwenye kile kioo kidogo, na rangi zake zote. Nikaishusha.

"Shadia, sikupigi."

"Kwa nini, shem? Nimekukosea?"

Nikafunga mlango, foleni ikaanza kulalamika nje, nikamwambia jambo ambalo Ujiji hakuna anayelijua, kwa sababu nilihamia hapa kutoka Uvinza ili pasiwe na wa kulijua. Nilikuwa na mke, Mwanvua. Kamera hii nilipoinunua, mtu wa kwanza kusimama mbele yake alikuwa yeye, mimba ya miezi tisa, gauni la njano, anacheka. Uchungu ulipomshika akasema twende hospitali. Nikamwambia tulia, mke wangu, mimi ni mtu wa bahati, mambo yangu hunyooka. Nilimwambia hivyo siku nzima. Tulipopata gari tulikuwa tumeshachelewa. Alifariki yeye na mtoto. Picha yake niliitoa rangi mwenyewe, ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kutoa rangi.

Shadia alianza kulia, halafu akaogopa, na nilitaka aogope.

Nimewaambia wa foleni warudi kwao, aliye mgonjwa aende akatibiwe. Nimetafuta gari, nimempakia Shadia na Bi Mwanakombo akinitukana njia nzima, na nimewaacha mjini, wodi ya wazazi, saa nane mchana. Nesi kamtazama, kasema vizuri mmemleta mapema.

Kalemie sijafika. Bujumbura sijafika, wala Mpulungu. Bibi harusi aliyejifungua mapacha hayupo, nilimtunga. Khamisi aliokolewa na wavuvi wasionijua na watu sita niliowadanganya. Kamera yangu haina bahati, na mimi sina. Nilichoandika ukurasa wa kwanza ni uongo.